Chupa na oili chafu hukutana mtaroni

Mtaa wetu una mtaro mmoja mkubwa, na kila mvua za vuli zikianza huwa nasimama kwenye kalavati kutazama kinachopita. Si kazi ya maana kwa mtu wa umri wangu, najua. Mke wangu husema nimekuwa kama kunguru. Lakini mtaro ni gazeti. Ukiusoma vizuri unajua watu wamekula nini, wamekunywa nini, na nani gari lake limelala gereji. Hupita makopo, kandambili ya mguu mmoja, nepi, viroba vya unga vilivyochanika. Hupita chupa za maji, nyingi kuliko vingine vyote, zimefungwa vifuniko kana kwamba zina safari ndefu. Na juu ya maji hupita rangi za zambarau, kijani na dhahabu zinazojikunja na kujikunjua, watoto wakizishangilia. Ni oili chafu kutoka gereji ya juu, pale chini ya mwembe.

Sasa kuna jambo ninaloliona kila mwaka. Chupa na viroba vikikwama kwenye nondo za kalavati, maji hupenya na kwenda zake, ila mafuta mengi hubaki. Hujipaka kwenye vifuniko, kwenye nyuzi za viroba, kwenye kila kilicho cha plastiki, na mvua ikikatika asubuhi unakuta lundo zima limevaa koti jeusi. Mtaro umejitengenezea chujio bila kuagizwa na mtu.

Nataka leo nilisemee chujio hilo. Ninaamini kwamba plastiki tunayoitupa inaweza kugeuzwa kuwa kitu cha kunyonya mafuta majini, na kwamba huku kwetu kazi hiyo ianzie kwenye mitaro ya gereji na madiko ya wavuvi kabla ya kupelekwa kwenye warsha za mahotelini zinazojadili ajali kubwa ambayo bado haijatokea. Ninaamini pia kwamba gharama yake iwaangukie wanaouza mafuta na wanaouza plastiki. Mama anayekaanga samaki keshalipa vya kutosha, na nitaeleza jinsi alivyolipa.

Damu nzito kuliko maji

Kwa nini mafuta yaikumbatie plastiki na kuyaacha maji? Aliyewahi kuosha vyombo analo jibu tayari. Bakuli la kioo lililokuwa na mchuzi wa nazi ukilisuuza mara moja limeng'aa. La plastiki unalisugua kwa sabuni, unalisuuza, ukipitisha kidole bado linateleza. Plastiki nyingi tunazotumia zimetengenezwa kutokana na mafuta ya petroli na gesi. Mafuta ni mzazi, plastiki ni mwana, na wanapokutana majini hutambuana. Maji hubaki mgeni.

Si plastiki zote zenye tabia sawa, lakini, na hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo. Chukua chupa ya maji, kata kipande cha ubavu wake, kitupe kwenye beseni pamoja na kifuniko. Kipande kitazama. Kifuniko kitaelea. Ubavu ni plastiki iitwayo PET, nzito kuliko maji. Kifuniko ni polietilini au polipropilini, nyepesi kuliko maji. Kiroba cha unga na mfuko wa salfeti wa sukari navyo ni polipropilini, ndiyo maana huvioni vikizama mtaroni. Kwa kazi ya kunyonya mafuta tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mafuta hukaa juu, na kinyonyaji kinachozama ni sawa na mlinzi aliyelala lindoni.

Halafu kuna suala la umbo. Chupa nzima hugusana na mafuta kwa ngozi yake ya nje tu. Lakini plastiki ukiiyeyusha na kuipuliza kwa hewa ya moto kupitia vitundu vidogo sana, hutoka nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizojishona zenyewe kwa zenyewe kama ile pamba ya sukari wanayouziwa watoto viwanja vya Sabasaba. Mafuta huingia katikati ya nyuzi na kukaa. Maji hukataliwa mlangoni. Kwa njia hiyohiyo ndivyo lilivyotengenezwa tabaka la katikati la barakoa za hospitali tulizovaa wakati wa korona, kwa hiyo wengi wetu tumewahi kuibeba teknolojia hii puani bila kujua. Shuka la namna hiyo hunyonya mafuta yenye uzito wa mara 10 na zaidi ya uzito wake, na bandari nyingi duniani huweka mashuka hayo stoo yakisubiri siku ya balaa.

Kichekesho ni kwamba mashuka hayo kwa kawaida hutengenezwa kwa polipropilini mpya. Yaani tunachimba mafuta tutengeneze plastiki ya kufutia mafuta tuliyoyamwaga, huku plastiki ya jana ikiziba mtaro. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, ila hawakusema ununue kiberiti kipya wakati jiko tayari linawaka.

Wapo walioliona hilo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walionyesha kwamba hata ile PET ya chupa, inayozama, inaweza kufunzwa adabu. Waliigeuza nyuzi, wakaitengeneza erojeli, kitu chepesi ambacho sehemu yake kubwa ni hewa, wakakipaka dawa ya kukataa maji. Chupa moja, walisema, inatoa karatasi yake yenye ukubwa wa A4. Na walipoilinganisha na vinyonyaji vya dukani, ilikunywa mafuta vizuri zaidi, hadi mara saba. Ni habari njema. Lakini mimi ni mtu wa mtaroni, na erojeli ya Singapore iko mbali na kalavati letu kuliko Singapore yenyewe.

Nyavu, majani ya miwa na chupa

Kilicho karibu nasi zaidi ni Mauritius. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya kubeba mizigo, Wakashio, ilipanda mwamba wa matumbawe huko Pointe d'Esny, kusini mashariki mwa kisiwa. Haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa tupu, ikielekea Brazil. Mafuta yaliyomwagika yalikuwa ya injini yake yenyewe. Kwa siku 12 watu waliitazama imekaa pale, na tarehe 6 Agosti ikaanza kuvuja. Tani zipatazo 1,000 ziliingia kwenye maji ya bluu ambayo wavuvi na wenye mahoteli wote waliyategemea kwa ugali wao.

Wananchi walifanya nini? Hawakungoja shehena kutoka ng'ambo. Walikusanyika ufukweni kwa maelfu, vijana kwa wazee, wakashona magunia na nyavu kuwa mirija mirefu, wakajaza majani makavu ya miwa, wakatia chupa tupu za plastiki ili mirija ielee. Watu walikata nywele zao zikatumika pia. Nywele hunyonya mafuta, muulize kinyozi. Wakapata uzio unaoelea, kilomita kwa kilomita, uliotengenezwa kwa vitu ambavyo juzi yake vilikuwa takataka. Picha zake zilizunguka dunia nzima, na sidhani kuna mtu wa pwani aliyezitazama asijiulize: sisi tungekuwa na nini mkononi?

Ila tusidanganyane. Kwenye ajali ya ukubwa ule, kinyonyaji ni msaidizi tu. Kazi kubwa hufanywa na vizuizi, pampu na mikono ya watu, na wanaopambana na mafuta baharini kwa ujuzi hushauri vinyonyaji vitumike kwa kiasi, kwa sababu kila kilo ya kinyonyaji hurudi nchi kavu ikiwa kilo kadhaa za taka zenye mafuta. Tena si kila mafuta yananyonyeka. Bomba la mafuta la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa lipashwe moto njia nzima kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yakipoa huganda. Yakimwagika kwenye maji ya Tanga yatakuwa mabonge, mfano wa samli ya asubuhi. Bonge halifyonzwi. Bonge linazolewa kwa wavu na koleo. Anayewaambia wavuvi wa Chongoleani kwamba chupa zao kuukuu zitawaokoa siku hiyo anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Kinyonyaji hupatana na mafuta mepesi: dizeli, petroli iliyomwagika, oili ya injini. Na hayo ndiyo tuliyonayo kila siku.

Haba na haba, na kibaba kimejaa

Fundi wa pale chini ya mwembe si mtu mbaya. Ukimpa gari analitengeneza na wala hakuzungushi. Oili anayoitoa kwenye injini huikinga kwa dumu lililokatwa, na sehemu yake ina wateja, kwani wenye kujenga huinunua wapake mbao na nguzo zisiliwe na mchwa. Lakini ipo inayokosa dumu. Ipo ya kwenye filta, ipo ya kuoshea vipuri, ipo iliyolowa kwenye mchanga pale gari linapolazwa. Haina mnunuzi, na mvua ndiyo huibeba. Zidisha fundi mmoja kwa gereji zote za mtaa, ongeza bodaboda wanaobadilisha oili pembeni mwa barabara, jenereta za maduka, na sehemu za kuoshea magari. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki humiminwa mtoni, na mto hauna pa kwenda ila baharini.

Huko baharini nako kuna haba yake. Nenda diko lolote alfajiri maji yakiwa yamejaa. Boti za mashine zinarudi, dizeli inajazwa kwa dumu na mpira, kidogo kinamwagika. Maji machafu ya ndani ya boti yanachotwa kwa kopo na kurudishwa baharini, yakiwa na mafuta yake. Hakuna gazeti litakaloliandika hilo, kwani hakuna meli iliyopasuka. Ni kikombe kimoja tu, kila boti, kila siku ya Mungu.

Anayekipata kikombe hicho kwanza ni mkoko. Mizizi yake ya kupumulia, ile inayochomoza topeni kama vidole, ikipakwa mafuta hukosa hewa, na penye mkoko uliokufa hapana kamba wala kaa mdogo. Kisha ni samaki. Samaki haoni haya kunuka alikotoka. Nyama yake hushika harufu ya dizeli, na mwanamke aliyemnunua mnadani kwa fedha ya mkopo wa kikundi humgundua kwenye kikaango, mteja keshakaa. Atafanya nini? Mnada haurudishi fedha. Atamtupa, au atamzidishia limau na pilipili na kuomba Mungu. Faida ya siku imeondoka, na marejesho ya Ijumaa yanamsubiri. Nilisema keshalipa.

Walio mbali na bahari wasijione salama. Mwaka 2015 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilivuja huko Thange, kaunti ya Makueni, na mafuta yakaingia kwenye udongo na mto uliokuwa ukinywesha watu, mashamba na mifugo. Maji yakishanuka petroli, ndoo inayotoka kisimani haifai kupikia, haifai kufulia, na ng'ombe anaigeuzia kisogo. Nyumba ya kawaida haina maabara ya kupimia. Ina pua tu.

Nani atakayekiokota kiroba?

Turudi kwenye chujio letu. Malighafi ipo? Ipo na inazidi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, na mitaa ilipungukiwa na ile mifuko laini iliyokuwa ikining'inia kwenye miti kama popo. Chupa, vifuniko na viroba vilibaki. Vijana waokota makopo wameipunguza PET kiasi, maana ina mnunuzi. Kiroba kilichochanika hakuna anayekitaka huku kwetu. Kipo tu, na ndicho kinachofaa zaidi kwa kazi hii.

Ufundi upo? Waulize Lamu. Mafundi wa kule, wakiongozwa na Ali Skanda, walijenga Flipflopi, jahazi la plastiki iliyorejelezwa, wakalivika ganda la kandambili zilizookotwa ufukweni, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Watu wanaoweza kugeuza takataka ikawa chombo cha kuvukia bahari ya Hindi hawashindwi kushona mto wa kunyonya oili. Hata njia ya chini kabisa, ya kukifumua kiroba nyuzi kwa nyuzi na kuzijaza kwenye wavu wa vitunguu, hufanya kazi kiasi chake. Haitafikia shuka la kiwandani, kwa kuwa nyuzi za kiroba ni pana na bapa na hazishiki mafuta mengi. Inahitajika mashine ya kuyeyusha na kupuliza, na mashine hiyo inahitaji mtaji, na mtaji unataka mteja wa uhakika.

Hapo ndipo serikali na halmashauri zinapoingia. Kituo cha mafuta hakipati leseni bila ndoo za mchanga na mtungi wa kuzimia moto. Kwa nini gereji na sehemu ya kuoshea magari zisidaiwe mto wa kunyonyea mafuta mlangoni pa mtaro wao? Diko lenye boti 50 likose vipi uzio mmoja unaoelea? Amri hiyo pekee ingezaa soko, na soko lingemfanya muokota makopo ainame kuokota kiroba. Kenya tayari ina sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inayomtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Basi sehemu ya mzigo huo igharimie mito hiyo, na waagizaji wa vilainishi wachangie kwa kila pipa. Fundi wa chini ya mwembe asiachiwe bili peke yake. Mkimpandishia gharama, oili yote itamwagwa usiku.

Nina hofu mbili lakini, na sitazificha. Ya kwanza ni ile ya mgema akisifiwa tembo. Naona tangazo likija: chupa yetu ni rafiki wa bahari, inakwenda kusafisha mafuta, kunywa bila wasiwasi. Dunia inatengeneza plastiki zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka. Hata tukiweka mto wa kunyonyea kwenye kila mtaro kutoka Lamu hadi Mtwara, tutakuwa tumetumia tone. Asiwepo mwenye kiwanda atakayejifutia dhambi kwa kiroba changu.

Ya pili ni nzito zaidi. Nyuzi nyembamba hukatika, na zikikatika majini tunakuwa tumeondoa mafuta tukaweka vumbi la plastiki. Mto lazima uvishwe gunia imara na utolewe kabla haujachakaa. Na ukishatolewa ukiwa umelowa, unakwenda wapi? Kuukamua na kuutumia tena inawezekana mara kadhaa, ila kila mara unanyonya kidogo kuliko mwanzo. Baada ya mafuta kumwagika kwenye Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, kampuni ya General Motors ilichukua uzio wa kunyonyea uliotumika pwani za Alabama na Louisiana, wenye urefu wa maili 100 hivi, ikaugeuza vipande vya kuelekezea hewa kwenye rejeta za gari la Chevrolet Volt. Kwa hiyo njia ipo kwa anayeitafuta. Sisi tunazo tanuri za saruji, Wazo, Tanga, Mtwara, zenye joto la kutosha kuchoma taka ya namna hiyo vizuri kuliko jiko lolote. Ila tanuri haimfuati mtu mtaroni. Lazima pawe na gari, ratiba, na ofisi inayojua kwamba kazi hiyo ni yake. Mto uliolowa ukiachwa jalalani utachomwa na vijana jioni, na moshi wake utaingia dirishani kwetu sote.

Ndoo ya nyuma ya gereji

Mvua zilizopita nilijaribu. Nilifumua viroba vinne, kazi iliyonila jioni tatu na kunipa sifa ya uchizi kwa wajukuu, nikajaza nyavu mbili za vitunguu, nikaenda kwa fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Nimekuletea mto."

Alicheka, lakini alinisaidia kuufunga kwa waya pale maji ya gereji yanapoingia mtaroni. Siku ya tatu nilikuta ule wa mbele umekuwa mweusi tii, na maji yaliyopita yalikuwa na rangi chache. Hazikuisha, ila zilipungua kiasi cha mtoto mmoja kuuliza upinde wa mvua umekwenda wapi. Fundi aliutoa kwa fimbo, akaukamulia kwenye dumu lake, akapata oili ya kupaka nguzo mbili labda. Tukaurudisha. Baada ya wiki mbili ulikuwa haunyonyi tena.

"Sasa mzee wangu, huu niupeleke wapi?"

Nilimwambia asiuchome. Nikampigia simu jamaa yangu mmoja anayefahamiana na watu wa usafi, akasema atauliza. Nikaulizia kwa mwenye gari la taka la mtaa, akasema yeye hubeba taka za majumbani tu, na kile ni cha gereji. Fundi akautia kwenye ndoo yenye mfuniko, akaiweka nyuma, karibu na ukuta.

Masika yamepita. Jana nilipita pale, ndoo bado ipo, na juu yake fundi ameongeza ya pili.